Kocha wa Salalah na Mpwa wa Mnazini

Munje, 4 Novemba 2024

Kwa mjomba Abdulwahab,

Shikamoo mjomba. Natumai huko Salalah u mzima. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama, dadako, goti linamsumbua kidogo lakini yuwatembea, na ukimwambia apumzike ndiyo kwanza anazidi kutembea. Dadangu Twaiba amefungua saluni yake Msambweni, karibu na stendi. Ana viti viwili na kioo kimoja kikubwa. Mimi bado ni mkwezi. Shamba lote la Mzee Boga sasa naangua nazi peke yangu, maana Garama tuliyekuwa tukikwea naye amekwenda Taru kuchunga mbuzi wa shemeji yake.

Barua hii naandika kwa mkono, halafu Twaiba ataipiga picha akutumie kwa simu yake. Mwandiko unisamehe, shule niliacha darasa la tano, wajua. Kwenye simu siwezi kabisa. Siku ya Idi ulipopiga wakanipa nikusalimu, nilikaa nayo sikioni mpaka ukasema halo, halo, halo, ukakata. Nilikuwepo mjomba. Maneno ndiyo hayakuwepo.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Twaiba alinionyesha mechi yenu ile mliyofungwa tatu. Watu hapa wote wanasema kipa wenu mbovu. Mimi nimeitazama mara nne. Si kipa.

Waijua ile minazi ya Mzee Boga iliyo pembeni mwa uwanja wetu. Mechi ikichezwa mimi huwa juu. Walio chini wanaona miguu na vumbi, mimi naona vichwa ishirini na viwili na nafasi zilizo baina yao. Nimezoea hivyo. Video yenu kaipiga mtu aliyekaa chini, nusu sioni. Lakini namba mbili wenu nimemwona. Mpira ukienda upande wa pili anaufuata, kwanza kwa macho, halafu kwa miguu, polepole, kama mtu anayekwenda kuchungulia harusi ya jirani. Nyuma yake panabaki pengo la kupita lori. Magoli yote matatu yamepita hapo.

Kama ni utovu wa adabu kumfunza kocha mpira, nisamehe. Mama hajui nimeandika haya.

Ni mimi Kheri, wa dadako.

Mjomba, mimi Twaiba ndiye mpiga picha. Barua hii kaiandika siku tatu na kavunja kalamu mbili. Tafadhali mjibu, asije akahamia juu ya mnazi moja kwa moja.


Salalah, 19 Novemba 2024

Mpwa wangu Kheri,

Marahaba, tena marahaba mara mia. Barua yako niliisoma kwenye benchi kabla ya mazoezi. Kwa vile nilivyonyamaza, wachezaji wakadhani nimeletewa habari ya msiba. Mimi sijambo. Huku manyunyu yamekwisha, jua limerudi. Mji huu una minazi, nikifumba macho kidogo niko Msambweni, nikiyafumbua ni Kiarabu kitupu. Hata klabu yetu, Al-Narjil, maana yake ni nazi. Nimekimbia nazi miaka yote, zimenitangulia huku.

Mpe mama salamu na umwambie kazi inakwenda vizuri.

Wewe nitakwambia ilivyo. Tuko mkiani. Mwenyekiti aliniita ofisini akanikaribisha kahawa na tende, akawa mpole kupita kiasi, hapo hapo nikajua. Timu ikishuka daraja mwezi wa tano, mkataba wangu umekwisha, na tiketi ya kunirudisha wameshaitafuta. Nimefundisha miaka kumi na saba, Ukunda, Tanga, Moroni na sasa huku. Kocha mwenye umri wangu akifukuzwa na timu ya mkiani, simu yake hailii tena. Hayo yabaki baina yetu.

Namba mbili nilimtazama Ijumaa kwa macho yako. Ni kweli, yuwachungulia harusi. Nikamwambia, mpira ukienda upande ule, wewe hesabu hatua tano ndani, simama, hata kama huko wanagawa pilau. Tumetoka sare ya moja kwa moja. Ni pointi yetu ya kwanza ugenini.

Basi nimempandisha mpiga video juu ya mnara wa tangi la maji. Amelia ati yuwaogopa urefu. Nikamwambia kwetu yuko mtu hukaa juu zaidi ya hapo, na panga kiunoni. Video hii hapa. Tazama, uniandikie kila unachoona. Usinichagulie.

Na swali moja. Hao vijana wa Munje wanaofungwa kila Jumapili, haya unayoyaona juu ya mnazi, unawaambia?

Mjomba wako, niliye mkiani lakini bado niko.


Munje, 2 Desemba 2024

Mjomba, shikamoo.

Mama goti afadhali. Amefurahi kusikia kazi yako yaenda vizuri, amewaambia majirani wote, sasa mimi nikiwaona natazama chini.

Mjomba, ile video ya kutoka juu! Wallahi sijawahi kuona kitu kama kile. Nimeitazama saluni kwa Twaiba mpaka wateja wakauliza huyu mwanamume amekuja kusukwa? Wachezaji wako wote nimewaona kama ninavyowaona wa hapa. Nikamwambia Twaiba rudisha, rudisha tena, akasema simu itaungua.

Sikiliza. Namba saba na namba kumi wanakimbilia mpira mmoja kila mara, kama watoto na embe lililodondoka. Namba tano akipata mpira huangalia mbele tu, kulia hakujui. Kipa wenu mzuri. Lakini yuko mmoja, namba kumi na nne, yule unayempa dakika kumi za mwisho. Mjomba, huyo mtu ni nani? Kabla mpira haujapigwa yeye ameshafika unapokwenda. Hakimbii sana. Anasogea hatua mbili, tatu, na mpira unamkuta. Nimehesabu mara kumi na moja kwa dakika kumi. Sijawahi kuona mtu mwenye akili ile.

Beki wako wa kati, yule wa kushoto, hufika amechelewa. Mtoe. Mweke huyu kumi na nne katikati nyuma. Mipira yote itamkuta yeye.

Nimesema kwa haraka lakini nimefikiri siku nne.

Kheri.

Mjomba, Twaiba hapa. Swali lako la vijana wa Munje kaliruka. Nimemwonyesha kwa kidole, kaliruka tena.


Munje, 11 Januari 2025

Mjomba, shikamoo.

Leo ni wiki ya sita hujajibu. Mama mzima, Twaiba mzima, sisi sote wazima. Mzee Boga amenunua punda.

Mjomba, nimejua. Sikujua kwako, nimejua kwa Twaiba, ameona kwenye ukurasa wa timu yenu. Mlifungwa nne bila. Na yote manne kwa kichwa.

Pana picha huko. Namba kumi na nne wako, wameandika jina lake Hilal, amesimama na straika wa timu ile. Kichwa cha Hilal kinafika kwapani mwa yule mtu. Kwapani, mjomba.

Nilikuwa sijui. Nakuapia sikujua. Kutoka juu ya mnazi watu wote wako sawa. Unaona kichwa, unaona mabega, unaona anakokwenda. Mrefu na mfupi ni duara moja jeusi. Hapa Munje hainidhuru kwa sababu watu wote nawajua tangu wadogo, najua Mapenzi ni mrefu na Mwero ni mfupi, siangalii, najua tu. Wa kwako siwajui. Nikasahau kwamba mtu ana kimo.

Watu wamekutukana huko chini ya picha. Twaiba hakunisomea yote, lakini mengine ninaweza kusoma mwenyewe, polepole.

Sitaandika tena habari za mpira. Nitaandika salamu tu. Mimi kazi yangu nazi.

Kheri.


Salalah, 20 Januari 2025

Kheri mpwa wangu,

Salamu zangu kwa mama na Twaiba, na kwa punda wa Mzee Boga pia.

Nilinyamaza. Mambo mengine ya wiki zile sitaandika, hayana faida. Kimya changu hakikuwa na haki na wewe, hilo nalisema.

Sasa nisikilize. Aliye juu ya mnazi ni wewe. Aliye chini, anayesimama na Hilal kila siku na kumkabidhi jezi ya saizi ya mtoto, ni mimi. Mimi kimo chake nakijua! Niliacha macho yangu nikachukua yako. Macho yako hayakukosea kitu, ni mimi niliyefumba yangu. Mwenyekiti aliponiuliza ile akili ya kumweka mfupi nyuma ilitoka wapi, nilimwambia ilitoka kwangu. Na ni kweli.

Halafu, kijana, hujaniuliza nini kilifuata! Siku tatu nilishinda nikiitazama video ya mechi ile. Siku ya nne nikairudia barua yako. "Kabla mpira haujapigwa ameshafika." Nikajiuliza, mtu kama huyu ni wapi uwanjani ambapo urefu hauna kazi? Nikamsogeza hatua kumi na tano mbele, akae mbele ya mabeki, ale mipira inayokuja chini. Basi! Kheri, tumeshinda mbili mfululizo! Mbili! Mpiga video kashangilia mpaka karibu aanguke kutoka tangini. Hilal sasa watoto wa mtaani wanamwita kwa jina.

Bado tuko nafasi ya pili kutoka chini, tiketi yangu bado iko kwenye droo ya mwenyekiti. Lakini sasa naamka na hamu.

Usiniletee habari ya salamu tu. Kwa mila yetu ya Kidigo mali ya mjomba humwendea mpwa, tangu wazee. Mimi sina shamba, sina ng'ombe, sina nyumba ya mawe. Nina kazi hii tu. Kama hutaki kuisoma sasa, utarithi nini?

Na swali langu la vijana wa Munje umeliruka. Nimeliona.

Mjomba wako.


Munje, 9 Februari 2025

Mjomba, shikamoo, shikamoo tena!

Mama hajambo. Lakini kwanza nikwambie, habari ya tiketi anaijua. Sikumwambia mimi. Wajua nani hupiga picha barua hizi. Mama hakulia. Alikuwa akikuna nazi, akaendelea kukuna, akasema, "Akitaka kurudi arudi, kwao hapa. Lakini arudi kwa miguu yake, asirudishwe kama mzigo." Halafu akaniambia, "Na wewe, unaloliona mwambie. Usininyime ndugu yangu kwa haya zako."

Sasa swali lako. Nilikuwa siwaambii. Miaka yote naona wanavyofungwa na sisemi. Nikifika mbele yao narudi zangu mnazini. Hiyo ndiyo kweli.

Jumapili iliyopita walikuja Bongwe, na mashabiki lori zima, na ngoma. Mimi niko juu naangua. Tumeshafungwa moja. Nikaona Bongwe wote wamejazana upande wa bahari, na Mwero wetu kajazana nao, ati yuwatafuta mpira. Upande wa pili mtupu kabisa, ungeweza kuanika mpunga. Nikangoja mtu aseme. Hakuna aliyesema, maana hakuna aliyeona. Basi sijui nini kilinipata. Nilishika kuti nikapiga ukelele:

"Mwero! Toka hapo! Nenda upande wa barabara, hakuna mtu huko!"

Mechi ikasimama, mjomba. Mwero akatazama juu, mikono kiunoni. "Nani huyo?"

Mapenzi akasema, "Sauti yatoka mbinguni. Wewe nenda tu!"

"Ni Kheri!" mtu akapaza sauti. "Yuko pale mnazini!"

"Kheri gani? Kheri wa Ummi? Kumbe ana sauti?"

Mwero akaenda upande wa barabara. Mapenzi akamtupia. Goli! Peke yake na kipa! Nikasahau kama niko juu, nikaachia mikono yote miwili, nikabaki nimekaza kwa magoti. Nikaendelea kupaza sauti, huyu rudi, yule panda, Mapenzi usimfuate huyo anakudanganya. La pili likaingia. Bongwe wakamvaa refa, Mwalimu Thoya, wakasema hii haijapata kuonekana, timu ina kocha juu ya mti.

Mwalimu Thoya akaja mpaka chini ya mnazi. "Wewe kijana, shuka!"

Nikamwambia, "Mwalimu, sijamaliza kuangua."

Watu wakafa kwa kicheko. Akafikiri kidogo, akatoa kadi ya manjano, akainyanyua juu kabisa kunielekea. Shabiki mmoja wa Bongwe akasema, "Mpe nyekundu! Huyo ni mchezaji wao wa kumi na mbili!"

Tulishinda mbili kwa moja. Nimepewa kadi, mjomba. Mimi!

Video zako za mwezi huu nimezitazama zote. Maoni yangu yako ukurasa wa pili na wa tatu na wa nne. Na tafadhali, nitumie kimo cha kila mchezaji. Twaiba ameweka alama za futi kwenye mlango wa saluni, nitakuwa nikisimama hapo nikikisia.

Kheri, mwenye kadi.


Salalah, 27 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Idi ilipita salama? Najua barua zangu zimekuwa fupi, Ramadhani nzima mechi baada ya futari, mazoezi baada ya futari, mwisho sikujua kama nafuturu au nafundisha. Mama mwambie nimepata ile halua aliyonitumia kwa mkono wa yule mtu wa Matuga aliyekuja huku. Imeshaisha. Wachezaji wamekula na karatasi yake.

Kadi yako ya manjano nimeiambia timu nzima. Hilal amecheka mpaka akalala chini. Wanataka kujua kama baadaye ulifungiwa mechi.

Sasa kazi. Imebaki mechi moja. Ijumaa tarehe tisa Mei, hapa kwetu, dhidi ya Al-Jabali. Wao wametulia katikati ya ligi lakini hawajafungwa tangu Januari. Sisi tukishinda tunabaki. Tukitoka sare tunashuka. Hakuna hesabu nyingine. Asubuhi nimepita ofisini, droo ilikuwa wazi nusu. Mwenyekiti aliifunga kwa goti akaniuliza hali.

Sijui nitamwambia nani haya kama si wewe. Naogopa. Kwa wachezaji nacheka.

Video tatu za Al-Jabali hizi hapa, zote za kutoka juu, nimemlipia tiketi mpiga video akazifuata kwao. Vimo nimeviandika nyuma ya karatasi. Una siku kumi na mbili. Nitafutie kitu kimoja. Kimoja tu.

Abdulwahab.


Munje, 3 Mei 2025

Mjomba, shikamoo.

Sote wazima. Leo sitaandika mengi ya nyumbani.

Kwa siku tano za kwanza sikuona kitu. Hawa watu wamefungana kama mkeka. Nilianza kuogopa. Nimekwea minazi thelathini na mbili bila kukumbuka hata mmoja, Mzee Boga akasema nimeangua mpaka vidaka, nazi ambazo bado hazijakomaa.

Nimekiona jana. Angalia wakipigiwa kona. Mpira wa kona wakishauondoa kwa kichwa, au ukirudishwa nyuma, wote hutoka mbio kwenda mbele pamoja, kama kumbikumbi, ili mpinzani atakayebaki nyuma yao awe ameotea. Ni wepesi sana. Wote, ila namba tatu. Namba tatu hatoki mbio. Anainama, anapandisha soksi, halafu anatembea. Karibu kila mara. Nimehesabu kona kumi na tisa, amepandisha soksi mara kumi na sita. Wenzake hawajui kwa sababu yuko nyuma yao na wao wanatazama mbele. Akiwa yeye bado yuko nyuma, mtu wako hawezi kuwa ameotea!

Kwa hiyo mkipata kona msiupige katikati. Pigeni fupi. Rudisheni kwa Hilal. Hilal asubiri. Najua ni vigumu, uwanja mzima utamzomea, lakini asubiri mpaka wametoka, halafu autupe nyuma yao, pale aliposimama mwenye soksi. Namba tisa wako awe pale pale, asitoke nao.

Namba tisa nimesoma ni futi sita na inchi mbili. Nimeangalia mara mbili.

Hicho ndicho kimoja. Sina kingine.

Kheri.


Msambweni, saluni kwa Twaiba, 9 Mei 2025

Mjomba,

Leo sisalimii, nisamehe, nitasalimia kesho.

Tuko watu kumi na saba humu ndani. Wawili wana rangi ya nywele kichwani, wamekataa kuoshwa mpaka mechi iishe. Mama amekuja, amekaa kiti cha kusukia. Mwero na Mapenzi wako mlangoni. Simu tumeiegemeza kwenye kioo, kwa hiyo tunawaona wachezaji wako, na nyuma yao nyuso zetu wenyewe.

Bila kwa bila. Bila kwa bila mpaka dakika ya themanini. Kona ya kwanza mmeipiga katikati! Nilipiga kelele. Ya pili pia katikati! Mama akasema kwani hakusoma barua? Nikakuona wewe pembeni, shati limelowa, ukimwonyesha Hilal kwa mikono, tulia, tulia. Dakika ya themanini na saba kona tena. Hilal akasogea. Wakapiga fupi. Mpira ukaenda, ukarudi kwa Hilal. Akasimama nao. Watu wakaanza kumzomea. Al-Jabali wakatoka mbio wote.

Na namba tatu akainama.

Nilimwona, mjomba! Akainama! Mkono uko kwenye soksi!

Hapo hapo bando la intaneti likaisha.

Twaiba ametoka mbio kununua, amerudi, sasa mtandao umepotea mji mzima. Mapenzi amepanda juu ya paa na simu yake. Mama ameshika mguu wa kiti. Nimechukua kalamu kwa sababu mikono yangu haina pa kukaa.

Mjomba, usipige simu. Ukipiga nitashindwa kusikiliza. Niandikie. Nitakaa hapa hapa.


Salalah, 9 Mei 2025, baada ya mechi

Kheri! Mpwa wangu!

Kwa paja! Namba tisa kafunga kwa paja! Ni goli baya kuliko yote niliyoyaona tangu nizaliwe, mpira umemgonga, umedunda, umemgonga tena, na yeye mwenyewe alikuwa ameshaanguka, lakini umeingia, umevuka mstari, refa ameonyesha katikati! Al-Jabali wote wamenyanyua mikono kwamba ameotea. Msaidizi wa refa akawaelekezea namba tatu kwa kibendera, yule yuko nyuma kabisa, soksi moja iko juu na moja iko chini.

Kona mbili za kwanza Hilal aliogopa kuzomewa. Nilimwambia, yuko mtu kwetu ameogopa watu miaka ishirini na mbili, mwezi wa pili amepewa kadi. Akacheka, akasema basi.

Tumebaki! Mkono wangu wa kuandikia umeumizwa na watu kunishika. Mpiga video ameshuka tangini akaanguka hatua ya mwisho, hajaumia, amepanda tena ili ashuke vizuri.

Mwenyekiti ameniita ofisini, safari hii bila kahawa, amesimama. Amenipa miaka miwili. Nikamwambia, nipe mmoja, na ule wa pili ugeuze uwe nafasi ya mtu wangu. Akauliza ana cheti gani. Nikamwambia hana. Akauliza sasa anajua nini. Nikamwekea barua yako ya tarehe tatu mezani, nikamsomea kwa Kiarabu neno kwa neno, mpaka pale penye soksi. Akaniomba nirudie.

Karatasi za viza zinakuja. Kama hutaki, niambie hutaki, sitakasirika wala sitanyamaza. Lakini muulize mama kwanza, na wewe mwenyewe ujiulize pili.

Abdulwahab, kocha wa Al-Narjil mpaka mwakani.


Mombasa, 3 Juni 2025

Mjomba, shikamoo.

Sote wazima. Ile siku mtandao uliporudi na picha ya barua yako ikafunguka, Twaiba aliisoma kwa sauti mpaka neno paja, zaidi ya hapo hakuna aliyesikia. Wale wawili wenye rangi, nywele zao zimekuwa nyekundu kama kuku wa Idi, na hawajadai kitu.

Mama nilimuuliza. Alikuna nazi kutwa nzima. Usiku wakati wa kula akasema, "Mpwa ni wake. Mimi nilimlea tu." Halafu akaniongezea samaki. Tangu siku hiyo anazunguka akitafuta sweta. Nimemwambia Salalah ni joto, hasikii.

Naogopa, mjomba. Sijawahi kulala nje ya Kwale. Lakini nimejiuliza kama ulivyosema, na jibu limekuja kabla sijamaliza swali.

Leo tumekwenda ofisi ya paspoti, mimi na Twaiba. Foleni ndefu. Tulipofika dirishani alikuwa mama mmoja mwenye miwani, mchangamfu. Akauliza jina, nikasema. Akauliza nilipozaliwa, nikasema. Akauliza, "Kazi?"

Twaiba alishafungua mdomo anisaidie. Nikamkanyaga.

"Kutazama mpira," nikasema.

Yule mama akacheka mpaka miwani ikashuka. "Kijana, hiyo kazi hata mume wangu anayo."

Nikamwambia, "Mumeo humtazama mwenye mpira. Mimi nawatazama wale ishirini na mmoja wasio nao."

Akaacha kucheka. Akanitazama kidogo. Kisha akaandika.

Kheri